Kisiwa Kikihamishwa

Mwanangu Bakari,

Mwalimu wetu wa kisomo cha watu wazima alitufundisha kwamba barua huanza kwa kuuliza hali, kisha mtu akaeleza hali yake, ndipo akaingia kwenye lengo la kuandika. Hali yako naijua, umelala chumba cha pili, nakusikia unavyokoroma. Yangu nawe unaijua, maana leo nimeunguza mboga ya mchana na nikaunguza tena ya jioni, ukaniuliza nina nini, nikakujibu moshi umeniingia machoni. Basi tuingie kwenye lengo.

Mambo ya kula, kuvaa, kuswali na kuchagua marafiki sitayaandika. Baba yako amekuhutubia jioni nzima, na kesho mkishapanda basi la Korogwe atayaanza upya. Wewe mwitikie tu. Akikufikisha stesheni na treni ikafika atakuwa amemaliza, au pengine hatamaliza, unamjua. Mimi nina jambo moja, na nimekuwa nalo tangu ile Ijumaa ulipotusimulia habari za ndege wa baharini.

Sijapata kuiona bahari. Ninachokijua cha bahari ni chumvi, na dagaa wanaouzwa sokoni Handeni, ambao ukinunua wa leo unakuta ni wa mwezi uliopita. Kwa hiyo uliposema umechaguliwa kwenda kufanya kazi melini na kujifunza humohumo, nilijaribu kuiona akilini hiyo meli nikashindwa. Nililiona lile bwawa letu la ng'ombe, limepanuliwa mpaka halina ng'ambo, na wewe uko katikati. Baba yako akakuuliza, humo katikati mtu anatazama nini siku zote hizo? Ukasema, ndege.

"Ndege gani wa kukaa majini?" akasema baba yako. "Wanalala wapi?"

"Juu ya maji, baba. Wanakula humo, wanalala humo, miezi na miezi. Ukifika wakati wa kutaga, kila mmoja anarudi kisiwa kilekile alichoanguliwa. Mwingine shimo lilelile."

"Nani kamwona kama ni yeye?"

"Wanavishwa pete mguuni, ndiyo wanatambuliwa."

Baba yako akatikisa kichwa. Anapenda kubisha, lakini jambo la pete lilimziba mdomo. Ukaendelea kutueleza kwamba wapo waliowahi kutiwa kwenye sanduku, wakapakiwa kwenye eropleni, wakaenda kuachiwa ng'ambo ya bahari wasikowahi kufika, na wakarudi kwao. Nikakuuliza wanajuaje. Ukasema wanatazama jua, na usiku nyota, na wengine wanafuata harufu inayoletwa na upepo, na inasemekana kichwani wana kitu kinachofanya kazi ya dira. Ukasema mwalimu wenu aliwaambia hata wataalamu hawajamaliza kubishana. Ulikuwa unaongea huku umeshika tonge hewani, umesahau kulitia kinywani.

Ndipo mimi nikauliza, "Na kisiwa kikihamishwa?"

Ulicheka mpaka mchuzi ukakupalia. "Mama! Kisiwa hakihamishwi!" Baba yako naye akacheka, akakupigapiga mgongoni. Nami nikacheka, nisije nikabaki peke yangu. Lakini Bakari, sikuwa natania. Nyie wawili mnacheka kana kwamba sisi hatukuhamishwa.

Ulikuwa umeng'oka meno ya mbele wakati huo, kwa hiyo sijui unakumbuka nini na nini umesimuliwa. Tulikaa kule ndani, mbele ya Mazingara, nyumba yetu na ya bibi yako tu, jirani wa karibu ukimwita haitiki. Operesheni ya kuhamishia watu vijijini ilipokuja tuliambiwa tujiandae, lori litapita. Sisemi kwamba kijiji hakikutuletea kitu. Shule uliyosoma ungeipata wapi kule? Na mimi kisomo ningekipata wapi? Bila kijiji leo ningekuwa nimekaa hapa nakusikiliza ukikoroma, basi, sina la kufanya na mikono yangu. Nasema tu ilivyokuwa.

Lori lilipokuja nilipakia mafiga yangu. Kijana aliyekuwa akitupakia akanicheka, "Mama, mawe tele kule mnakokwenda!" Nikamwambia mawe ndiyo, mafiga siyo. Bibi yako akapanda na tenga la njiwa wake magotini, amelifunika kwa khanga, hakukubali kulishusha njia nzima. Njiwa wale walikuwa wa bibi, lakini wewe ndiye uliyekuwa ukiwalisha, na mmoja mweupe mwenye doa shingoni ulikuwa unampa mtama kwa mdomo wako.

Tulipofika hapa kijijini tuliwafungia. Mama Zaina jirani akanifundisha, na kwetu pia inafanywa: kuku mgeni ukitaka asirudi alikotoka, unamng'oa unyoya unaufukia jikoni, chini ya figa. Nikasema kama kuku anatulia, njiwa naye atatulia. Wewe ulinishikia mmojammoja, mimi nikang'oa, tukafukia. Tukawaacha ndani mpaka tukaona wamezoea, wanakula, wanalia vizuri kama zamani. Asubuhi moja nikafungua tenga.

Walipanda juu wote pamoja. Wakazunguka juu ya paa letu jipya mara moja, nikaanza kufurahi, kisha wakanyooka kuelekea tulikotoka. Hawakusitasita hata kidogo. Ulisimama uani na mtama mkononi ukiwatazama mpaka wakapotea.

Kesho yake na wewe hukuonekana. Baba yako alikuwa kwenye shamba la pamoja. Watu walikutafuta bwawani, wakakutafuta kwa watoto wenzako, mimi nikafunga khanga kiunoni nikashika njia ya kule bila kumuaga mtu. Sikuuliza uko wapi, nilijua. Njia nzima nilikuwa nageuka nyuma, maana chui walikuwa bado wapo, na nyasi zilikuwa zimeshaanza kuufunga mlango wa ile njia tuliyokuwa tukipita kila siku.

Nilikukuta umekaa katikati ya nyumba yetu. Paa lilikuwa limeezuliwa ili mtu asitamani kurudi, kuta zimebaki zinaangalia mbingu. Njiwa walikuwa juu ya ukuta, wote, yule mweupe pia. Ulikuwa umewamwagia mtama sakafuni pale kilipokuwa kitanda chetu. Uliponiona hukuogopa. Ukaniambia, "Mama, wao wameijua nyumba. Sisi mbona tunakaa kule?"

Nikakuchapa. Nilikuchapa kwa ile hofu ya njiani. Kisha nikakubeba mgongoni na ukubwa wako ule, miguu inaning'inia, na ulipozidi kulia nikakwambia, "Watakuja wenyewe. Wakizoea kwamba hatupo, watakuja." Nilisema ili unyamaze. Ukanyamaza. Na wewe kila asubuhi ukawa unawawekea maji kwenye kifuu, unasimama uani unatazama upande ule. Ukawa unaniuliza, leo? Nakujibu, bado. Baadaye ukaacha kuuliza, nikadhani umesahau, nikashukuru. Ujinga wangu huo. Ile Ijumaa ulipokuwa unatusimulia na tonge lako hewani nilikuona sura yako, nikajua hukusahau chochote. Hukujua tu kwamba mimi ndiye niliyekudanganya, au ulijua ukanyamaza.

Jana, ulipokuwa unanyolewa uani, nywele zako zilianguka karibu na miguu yangu. Nilizikusanya kwa ufagio nikazitazama. Unajua nilichofikiri. Nilizitupa, kisha nikarudi nikaokota kidogo, nikaingia jikoni nikazifukia. Usinicheke. Najua hazizuii mtu. Kama zingezuia, njiwa wa bibi wangekuwa hapa mpaka leo. Nimezifukia tu kwa sababu nilikuwa sina kitu kingine cha kufanya.

Bibi yako naye aliwafuata njiwa. Ninyi watoto mlidhani anakwenda kuchuma mboga ya mchunga, na ni kweli alirudi na mchunga, fungu kubwa, mzuri. Nilikuja kujua baadaye kwamba ulikuwa umeota ndani ya kuta zetu, chumba cha kulala. Tuliupika, tukaula. Alipougua ule ugonjwa wa mwisho alikuwa akimwambia baba yako, "Nipelekeni nyumbani." Baba yako anamjibu, "Mama, uko nyumbani." Anatutazama kwa zamu, mimi na yeye, hana ugomvi. Alikuwa anatutazama kama watu wasiojua wanachosema. Tulimzika hapahapa kijijini, kwenye makaburi ya wote, kwa sababu mvua ilikuwa kubwa na njia ya kule haipitiki. Hayo ndiyo tuliyowaambia watu. Ukweli ni kwamba hata mvua isingekuwepo sijui kama tungekuwa na nguvu ya kuomba ruhusa ya kumzika kule.

Sasa nikueleze la kwangu mwenyewe, ambalo hukuwahi kusimuliwa.

Unajua mimi ni wa Mashewa. Nilipoolewa nikaletwa huku Uziguani, mama yangu mzazi alinisindikiza mpaka mwisho wa mashamba ya mahindi akasema, "Uje unione." Nikasema, nitakuja. Kwetu, na huku vilevile, mwanamke aliyeolewa mbali haendi kwao mikono mitupu. Utaingiaje? Majirani watasema huko alikoolewa analala njaa, wamfedheheshe mama yake. Kwa hiyo nikasubiri nipate cha kubeba. Mwaka wa kwanza mahindi yalikauka. Mwaka uliofuata nilikuwa na mimba yako. Nikapata khanga, nikasema khanga peke yake ni aibu, ngoja nipate na sukari. Sukari ikapatikana, bibi yako akaugua, tukaitumia kwa uji. Kisha tukahamishwa. Kila mwaka nilikuwa na sababu na kila sababu ilikuwa ya kweli. Salamu nilituma, wasafiri wakirudi na za kwake, mama hajambo, anauliza lini.

Nilipokwenda hatimaye, ulikuwa tayari unasoma. Nilikuwa na khanga mbili, sukari, na sabuni mche mzima. Nilijiona tajiri. Nilishuka kwenye lori pale njia inapoachana na barabara, nikaanza kutembea, na Bakari, nikapotea. Nikapotea njia ya kwetu! Pale palipokuwa na njia palikuwa na mkonge, safu kwa safu mpaka macho yanakoma, kila safu inafanana na mwenzake. Nilizunguka humo na mzigo kichwani, jua linazama, miiba inanichana, nikilia. Mkata mkonge mmoja alinikuta, mtu wa mbali, Kiswahili chake cha kuazima. Akaniuliza, "Mama, wewe mgeni huku?" Nikamwambia ninakokwenda. Yeye, mgeni, ndiye aliyenionyesha kwetu.

Mama yangu alikuwa amekaa barazani. Macho yalikuwa yamepungua, na akili ilikuwa inakwenda na kurudi. Nikapiga magoti nikamwamkia. Akaitikia vizuri sana, akasema, "Marahaba, mama. Karibu, pumzika. Umetoka wapi?"

Nikamwambia, "Mama, ni mimi. Ni mwanao, Mwanaisha."

Akacheka kidogo, kwa upole, namna mtu anavyocheka mgeni anapokosea nyumba. Akasema, "Mwanaisha aliolewa Uziguani. Haji."

Nilitoa khanga nikamwekea mapajani, akazishika, akasifu rangi. Jioni alinishika mkono muda mrefu, akanijua, akalia, nami nikalia. Asubuhi akaniuliza tena nimetoka wapi. Nilikaa naye mpaka ruhusa ya baba yako ilipokwisha, nikaondoka, na hatukuonana tena.

Kwa hiyo mwalimu wenu anaposema ndege anarudi kwa jua na nyota na harufu, mimi nakubali. Anaifahamu kazi yake. Lakini kuna jambo hamkulitaja, wewe na mwalimu. Ndege yule anarudi hana kitu. Hana khanga, hana sukari. Haketi katikati ya bahari akisema ngoja nipate kwanza samaki wa kuwapelekea, nisije nikaonekana nimeshindwa maisha. Wakati ukifika anakuja tu. Sikwambii hivi ili nikufundishe, maana hata mimi mwenyewe sijui kama leo ningekwenda mikono mitupu. Pengine ningesubiri tena. Nakuomba. Nikikuombea, hiyo ndiyo dua yangu. Njoo na suruali iliyotoboka. Njoo umefukuzwa kazi. Majirani waache waseme, mimi nimeishi na maneno yao muda mrefu, hayaui.

Na lingine, linanitia hofu zaidi. Baba yako ana nia ya kurudi kule. Hajakwambia, anaogopa utabadili mawazo ya safari. Watu wanaanza kurudi kimyakimya kwenye mashamba yao ya zamani. Wanaanza na kijibanda cha kulindia ngedere, kesho kijibanda kina mlango, keshokutwa kina jiko. Mwenyekiti anapita anajifanya haoni. Baba yako kila akirudi kutoka huko anasema udongo wa kule bado una nguvu, na mimi najitia shughuli, maana najua atasema nini baada ya hapo. Pengine tutahama. Pengine tutahama halafu turudishwe hapa. Pengine utatokea utaratibu mwingine tupelekwe kwingine kabisa. Mimi simo katika kuamua, na baba yako anadhani yumo.

Kwa hiyo siwezi kukwambia, mwanangu, tutakuwa hapa, njoo hapa. Kila mama anamwambia hivyo mwanawe anayesafiri, na mimi siwezi. Nilikwishakudanganya mara moja juu ya njiwa, sitaki kukudanganya tena. Ukija usipotukuta, usikae katikati ya kuta ukamwaga mtama. Uliza. Uliza Handeni pale yanaposimama mabasi, uliza Mazingara, muulize mtu yeyote hata kama ni mgeni kuliko wewe. Sema unamtafuta mama Bakari. Usione haya kuuliza njia ya kwenu.

Na ukinikuta nimekuwa kama mama yangu, nikakwambia karibu, umetoka wapi, usiondoke. Kaa. Jioni pengine nitakujua.

Juzi nilimwambia baba yako akuzuie. Ndiyo, nilimwambia, na usimwulize, atakana. Akasema, "Nimzuie kwa kamba?" Nikamwambia hata kwa kamba. Akasema, "Wewe mwenyewe ulipomwona anasimulia habari za wale ndege, ungemfunga?" Nikaondoka nikaenda kuchota maji na mtungi ulikuwa umejaa. Hakuna kitu kibaya kama kuishi na mume anayesema kweli siku usiyoitaka.

Kesho asubuhi nitakuamsha kwa furaha. Nitakupikia viazi na chai, nitakufungia maandazi ya njiani, nitacheka. Mama Zaina na wenzake watakuja kukuaga, na mimi nitakuwa wa kwanza kupiga vigelegele. Usidanganyike. Wala usinitazame sana, maana ukinitazama sana nitaharibu. Basi likifika nitakushika kichwa niseme, nenda salama, Mungu akutangulie, na hayo ndiyo maneno utakayoondoka nayo.

Barua hii naiweka chini kabisa ya sanduku lako, chini ya lile sweta ambalo najua hutalitoa mpaka ufike kwenye baridi. Nimefikiri sana pa kuiweka. Ningeitia mfukoni ungeisoma Korogwe stesheni, treni haijaja, na baba yako yupo. Kuna neno moja ambalo kisomo kilinifundisha kuliandika na mdomo wangu haukuweza kulisema wiki nzima hii, na sitaki ulisome mahali unapoweza kurudi.

Usiende, Bakari.

Mama yako,
Mwanaisha